Rangi Nilizozichagua kwa Jicho Bovu

Tuanze na makalio. Kijana akija hapa kwangu, kijijini Wema, kuniuliza kihariri kipi kizuri cha kuandikia muziki, mimi humuuliza kwanza anaandika akiwa amekaa juu ya nini. Wengi hucheka, wanasema kitandani. Huyo simshauri kitu, namwambia alale tu. Mimi nimeandika ngoma miaka minne nikiwa nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na mgongo haujanililia hata siku moja. Kinu hakina pa kuegemea, kwa hiyo husinzii, na kikikuumiza unajua kazi ya leo imetosha.

Kwa asiyejua: kihariri ni ile karatasi ya ndani ya kompyuta unayoandikia maagizo. Unaandika ngoma kubwa ilie hapa, ndogo ijibu pale, kwa maneno yake yale mafupi yenye mabano, unabonyeza, inapigwa. Ukibadilisha neno moja watu wakiwa wanacheza, miguu yao inabadilika hapo hapo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Sasa nimestaafu, na nyinyi mnaoianza nataka niwape yale niliyoyajua kwa kuaibika, msije mkaaibika kwa mambo yale yale. Tafuteni aibu zenu wenyewe.

Niliingiaje? Mume wangu Buya alikuwa ndiye mpigaji wa ngoma kubwa kuanzia hapa hadi Idsowe, na mimi ndiye mwimbishaji. Buya akafa. Ndugu yake Komora, shemeji yangu, aliyekuwa akipiga ndogo, bega likamshika, mkono hauinuki hata kujikuna. Nikabaki mwimbishaji asiye na ngoma, kama kifuniko kisicho na sufuria. Siku moja nimekwenda Garsen kuchaji simu kwenye ukumbi mmoja, nasikia ngoma inalia chumba cha pili. Nikafungua mlango nikasema, "Mpigaji wenu anakosea."

Ndani alikuwamo binti wa Kiorma, wale wafugaji majirani zetu, Rehema Barisa, mwalimu wa kompyuta, peke yake. Akasema, "Bibi, hapa hakuna mpigaji."

Nikamwambia, "Ndiyo maana."

Basi ndiyo tukajuana. Mimi nilisoma hadi darasa la pili tu, baba akanitoa nikaamie ndege, kuwafukuza kwenye mpunga. Herufi nazijua, ila tunasalimiana kwa mbali. Neno refu linanichukua muda kulifika mwisho. Rehema hakujali. Mabano ndiyo yalinitesa. Nafungua, nasahau kufunga, kompyuta inagoma. Akaniambia, "Bibi, hilo ni boma. Ukifungua boma ukaenda zako, ng'ombe wanatoka."

"Wanaingia wapi?"

"Shambani kwako, wapi tena?"

"Ng'ombe wa nani?"

"Wetu, wallahi," akasema, akicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Toka siku hiyo sijaacha bano wazi. Hofu ya ng'ombe wa Rehema imenifundisha kuliko kitabu.

Haya, kuchagua. Nilijaribu vihariri vitatu, na majina yao ya kizungu siyataji kwa sababu kila mwaka wanabadilisha. Cha kwanza kilikuwa kizito. Ukikifungua asubuhi unaweza kwenda mtoni, ukateka maji, ukasalimiana na watu wote wa njiani, ukirudi bado kinazungusha kile kiduara chake. Kina vyumba vingi visivyo na mtu. Nikakiacha.

Cha pili kilikuwa mdaku. Huyu ukianza neno analimaliza yeye. Naandika herufi mbili, yeye ameshaleta kisanduku: ulikuwa unataka kusema hili? Au hili? Jamani, mimi nimeishi na mama mkwe miaka kumi na tisa, sikulipwa nikaishi na mwingine kwenye kioo. Tena ngoma zangu nilizipa majina ya watu waliokuwa wakizipiga, ili nisizichanganye. Ngoma kubwa inaitwa buya. Basi naandika "bu", nataka kuandika kitu kingine kabisa, kisanduku kinaruka: Buya? Buya? Mara arobaini kwa siku naulizwa habari za marehemu na mashine. Rehema akanionyesha mahali pa kuizima tabia hiyo. Nikaizima, kikawa bora kidogo. Lakini mtu mdaku hata akinyamaza unajua anafikiria, nikaingia cha tatu.

Cha tatu kilikuwa cheupe, kitupu, kimya. Hicho ndicho nilichokioa. Ushauri wangu ni huo: kihariri cha muziki chagua kilicho kimya kuliko wewe. Herufi ziwe kubwa, mtu aweze kuzisoma akiwa mlangoni. Mistari iwe michache, kama unalazimika kushuka chini kutafuta ngoma, watu wameshakaa. Kitufe cha kupiga kiwe mbali na kitufe cha kufuta. Na kitufe cha kunyamazisha vyote kwa mara moja, hicho nilikibandika kipande cha ndala iliyokatika, kidole kikipate bila macho. Msidharau ndala. Siku spika inapopasua masikio ya mchungaji, hutaki kuanza kusoma.

Kimya chake hicho kilikuwa na kasoro moja. Jina ulilolitaja juu na hukulitumia chini, kinalififiza, linakuwa kama mtu wa moshi. Rehema alisema ni msaada, kinakukumbusha. Sawa. Siku moja Komora alikuja kuangalia kazi, maana alisikia yumo. Akainama kwenye kioo, akasoma polepole, "Buya. Habona. Galana. Komora." Akasema, "Shemeji, mbona mimi nimefifia?"

Nikamwambia, "Ni kawaida. Maana yake hutumiki."

"Situmiki?"

"Kwenye wimbo huu tu."

"Buya amekufa na anang'aa. Mimi niko hai, nimekunywa chai leo, nimefifia?"

"Shemeji, ni mashine."

"Mashine imeambiwa na nani?"

Akaenda nyumbani hakuaga. Kesho yake nikasikia hali chakula. Kesho kutwa akaja Galana kuangalia yeye yukoje, kisha Habona na mkewe, kisha watu watatu wa Idsowe ambao hata sikuwa nimewaandika, wakasimama nyuma ya kinu changu wakiuliza kwa nini hawaonekani kabisa, afadhali hata kufifia. Ilinibidi nimwandikie Komora pigo moja dogo mwishoni mwa kila mzunguko, ti, basi. Akang'aa. Akaja akajitazama, akasema, "Sasa hiyo ni kazi." Na wimbo, niwaambie kweli, ulikuwa mzuri zaidi. Kwa hiyo jina likififia kwenye kihariri chako usilifute haraka. Ulizia kwanza kama yuko hai.

Sasa rangi, na hapa ndipo penye aibu yenyewe.

Vihariri vinakupa rangi: maneno haya buluu, yale kijani. Vijana mnazichukua kama zilivyo. Mimi kwa kuwa kusoma kwangu ni kwa mbali, nilimwomba Rehema anifungulie kile kisanduku cha rangi zote, nikampa kila mpigaji rangi yake. Sikuwa nikisoma majina tena, nilikuwa nikisoma rangi. Buya nilimpa rangi ya udongo wa ukingoni mwa mto, mtulivu, kama alivyokuwa. Komora nilimpa kijani cha majani ya mgomba. Karatasi yenyewe niliipa kijivu cha kupumzisha macho, kama asubuhi ya mawingu. Na debe, kwa kuwa niliweka humo pia lile pigo la debe tulilokuwa tukifukuzia ndege utotoni, kwa kujifurahisha tu, nililipa rangi ya chai ya maziwa. Nilitumia siku nne. Nilipomaliza niliona nimetengeneza kitu cha heshima, kinachofaa hata kuwekwa kanisani. Nikamwonyesha Rehema. Akakitazama sana. Akasema, "Mashallah, Bibi. Ni... wewe mwenyewe umependa?"

"Nimependa."

"Basi."

Miaka minne nikafanyia kazi hapo. Harusi, jando, mapokezi ya wageni. Mtu akiketi karibu na kioo changu naona anahama, nikadhani ni heshima.

Kumbe macho yangu yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, yananiziba kidogo kidogo. Madaktari wa macho wakaja Garsen, wakanipasua la kulia, wakasema la kushoto nirudi baada ya miezi. Siku walipotoa bendeji nilitoka nje nikaona majani. Sikujua kwamba mti una majani moja moja, nilikuwa nimesahau. Nikamwona Rehema ana alama ya tetekuwanga shavuni, nikamwambia, akasema, "Ninayo tangu utoto, Bibi, karibu." Nikasema twende nikaone kazi yangu.

Akafungua kompyuta.

Jamani. Karatasi ilikuwa waridi. Si waridi ya ua, waridi ya ile dawa ya kunyweshwa mtoto mwenye minyoo. Juu yake zambarau, na kijani cha kuwaka kama nzi wa chooni, na rangi ya chungwa iliyokuwa inapiga kelele yenyewe bila spika. Nikarudi nyuma nikaanguka kwenye mifuko ya mchele ya mtu.

"Rehema! Nani amekichafua?"

"Hakuna aliyekichafua, Bibi."

"Kimekuwa hivi lini?"

"Miaka minne."

"Na wewe umekaa kimya?"

Akatazama chini. "Nilidhani ni mila zenu."

Hapo mwenye akili angebadilisha rangi. Mimi nilisema nitabadilisha baada ya harusi, kwa maana harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata na sikutaka kugusa kitu. Sikieni neno hili: kabla ya kuchagua rangi, pima macho. Na ukishapimwa macho, usiende kazini na jicho jipya kwenye rangi za jicho la zamani. Nimelipia ushauri huu.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Maria, binti wa mwanangu Jillo, anaolewa Chewele. Kwenye ukoo wetu bi harusi haitwi kwa mdomo. Anakaa ndani mpaka ngoma ya upande wa babu yake imwite, na ikimwita anatoka, na lazima iwe kabla jua halijapinduka, yaani halijapita utosini. Likipinduka hajatoka, wageni wanalishwa, wanarudi kwao, na shughuli inangojea mpaka mpunga uvunwe tena. Si ugomvi, ni taratibu tu, lakini kuna binti mmoja, Hadhayu wa Makorani, alingoja mavuno mawili na bwana akaoa kwingine. Jillo alitaka kuleta mpiga santuri kutoka mjini. Maria akasema mbele ya wazee, "Mimi nitatoka kwa ngoma ya babu Buya. Mkiniwekea nyingine nitalala." Na Maria nimemlea mimi, ninajua akisema atalala, analala.

Basi Jumamosi, saa sita inakaribia, nimekaa kwenye kinu changu uani, kompyuta juu ya meza, spika mbili, wageni wa Chewele wamepangwa kwenye viti, mkubwa wao Mzee Bonaya mwenye fimbo. Rehema kando yangu anashika waya. Komora amesimama nyuma kuhakikisha hajafifia.

Nikafungua macho yote mawili kutafuta Buya. Natafuta udongo. Jicho la kushoto linasema hapa, la kulia linasema pale. Mistari inaogelea kwenye waridi. Naona zambarau, sina mtu wa zambarau mimi. Naona kijani kile cha nzi. Watu wananitazama, jasho linanitoka. Halafu jicho jipya likaona udongo, udongo hasa, mwekundu wa mto ukijaa, ukiwaka pale chini kabisa. Nikasema asante Yesu, nikabonyeza.

Lilikuwa debe.

Tatu za haraka, moja ya kungoja. Tatu za haraka, moja ya kungoja. Kwenye spika mbili kubwa.

Nyinyi hamkulelewa kwenye mpunga, hamtaelewa. Wanawake wote wa rika langu, na walikuwa ishirini na kitu, wamevaa kanga mpya, wamekaa kwa adabu, waliinuka mara moja kama wamevutwa na kamba. "Hoooo! Hoooo!" Mikono juu. Mama mchungaji alivua kiatu akakirusha. Bibi Habona, ambaye hajatembea bila mkongojo tangu mafuriko, alikimbia hadi kwenye ua akifukuza kitu. Hata mimi mkono mmoja ulikwenda wenyewe, nikaurudisha kwa mkono wa pili.

Mzee Bonaya akamgeukia Komora. "Mwenzangu, hii nayo ni sehemu ya ndoa?"

Komora hakusita. "Sehemu kubwa. Wageni ndio wanaosubiriwa."

Basi Chewele nzima ikainuka. Wanaume wazima wenye kanzu na koti, "Hooo, hooo," wanatupa mikono, Mzee Bonaya anapunga fimbo, mmoja ananiuliza ni kushoto kwanza au kulia. Nikaipata ndala kwa kidole, nikabonyeza. Kimya. Wote wamesimama mikono juu, wananingojea.

Ndani ya nyumba sauti ya Maria ikasema, "Nyanya, huyo si babu."

"Najua, mama! Ngoja!"

"Jua liko wapi?"

Rehema akatazama kivuli chake, kilikuwa kimebaki chini ya miguu. "Bibi, soma jina tu. Be, u, ye, a."

"Usinisomeshe sasa!"

"Nikuonyeshe kwa kidole?"

Angenionyesha ingekuwa rahisi. Lakini ngoma ya Buya haipigwi mara moja ukaiacha. Inaanza peke yake, kisha Habona anaingia, kisha anatoka, kisha Galana, na kila bi harusi anapopiga hatua mbili unaipunguza na kuiongeza, anakuja kwa hiyo. Kila mstari ningehitaji kidole cha Rehema, na Rehema hajui nani anamfuata nani. Mimi najua. Ila ninawajua kwa jicho bovu.

Nikafunga jicho jipya kwa kiganja cha kulia, likafa kabisa. Karatasi ikawa kijivu, mawingu, kama nilivyoiacha. Na pale katikati, mtulivu, rangi ya ukingoni, akawa amekaa Buya. Alikuwepo muda wote. Nikabonyeza kwa mkono wa kushoto.

Akalia. Ngoma yake aliyoiacha niliipiga mwenyewe nikairekodi kofi moja moja, siku ishirini, nikapanga makofi hayo kwa kumbukumbu mpaka kuchelewa kwake kule kudogo kukaingia, maana alikuwa akichelewa kidogo kabla ya pigo la nne, kama mtu anayekumbuka kitu. Wanawake wakashusha mikono. Mama mchungaji akabaki na kiatu kimoja. Nikamwingiza Habona. Nikamtoa. Nikamwingiza Galana. Mwishoni Komora, ti. Nikamsikia nyuma yangu akisema polepole, "Hapo."

Mlango ukafunguliwa.

Vigelegele vikapigwa. Rehema akanishika bega. "Ametoka, Bibi! Ametoka, jua halijapinduka! Mtazame!"

Nikatazama. Kwa jicho la kushoto niliona ukungu mweupe umesimama mlangoni, kama mvuke wa sufuria. Nilijua ni Maria kwa kuwa tu niliambiwa. Na mkono wangu wa kushoto ulikuwa kwenye vitufe, wa kulia usoni, na Galana alikuwa ameshafika pale anapotakiwa kutoka. Nikiondoa kiganja, karatasi inageuka waridi na wote wanapotea. Nisipokiondoa, mjukuu wangu ataolewa mbele yangu akiwa mvuke.

Ukungu ukapiga hatua mbili. Ukapiga mbili nyingine.

Nikamtoa Galana. Nikamwacha Buya azunguke. Komora naye nikamwacha, nisije nikasikia hali chakula tena. Nikaondoa kiganja usoni.

Alikuwa na vitone vya jasho juu ya mdomo. Alikuwa amevunja shanga moja ya mkufu, akaishika kwa kidole ili wasione. Meno ya mbele yana mwanya, na sikuwa nimejua, binti nimemlea mimi mwenyewe, kwamba mwanya ule ni wa Buya, uko upande ule ule. Alikuwa akitembea anatazama spika, siyo bwana harusi. Kwenye pigo la nne, kabla halijaja, alingoja kidogo kwa mguu mmoja.

"Bibi," Rehema akaninong'oneza, "ngoma kubwa imebaki inazunguka tu. Haibadiliki. Umesahau wapi?"

"Sijasahau."

"Nibonyeze nini?"

"Usibonyeze kitu," nikamwambia. "Mwache apige."